Mashine Mpya Haimwagi

Uvumi ulitoka Karatina ukamkuta Monicah kwenye kibanda chake Majengo, akisukuma mashine ya kufuma sweta za shule. Ulikuja na kikombe cha chai. Rukaya, jirani yake muuza mahamri, aliweka chai juu ya kibao, akajifuta unga mikononi, akasema ati kule Karatina kuna nyumba imenunua ile mashine mpya ya gemu ya kutumia sidii, na mzee wa nyumba ameaga dunia usiku huohuo. Hakuwa mgonjwa kuliko jana yake. Shida ni kwamba mashine mpya haimwagi.

"Haimwagi kabisa?" Monicah aliuliza.

"Hata tone. Inajiwekea," Rukaya alisema, na akarudi kugeuza mahamri kabla hayajaungua.

Monicah aliendelea kusukuma mashine, lakini alikosea safu mbili na ikabidi afumue. Uvumi ule ulimshika kama harufu ya mafuta ya taa, ambayo mtu ananawa na bado iko, anakula na bado iko. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Kingori, ndugu mdogo wa mume wake, alikuwa ametuma salamu kutoka Nairobi kwamba anakuja Pasaka, na anakuja na mashine kama hiyo.

Huo ulikuwa mwaka uliofuata ile mvua ya El Nino. Nyumba yao katika mtaa wa Skuta ilikuwa na mashine ya zamani, nyeusi, yenye mdomo wa kaseti juu, ambayo Simeon, mume wa Monicah, alimnunulia Theuri, kijana wao. Kaseti ilikuwa moja tu. Ndani yake mchungaji mdogo anapanda mlima kumtafuta mbuzi wake aliyepotea. Anaruka mito, anakwepa mawe, na kila akianguka anapoteza roho moja. Anaanza na roho tatu, na mchezaji hodari anaokota zingine njiani.

Mashine ile haikuwa na akili ya kukumbuka. Ukiizima, kesho unaanza tena chini ya mlima kama mtu ambaye hajawahi kufika. Lakini roho ambazo hazijatumika hazikupotea, kwa sababu roho haipotei. Zilimwagika.

Zilitoka chini ya tivii, vipande vyekundu vya mraba, kila kimoja kama punje ya mahindi ya githeri. Zilianguka juu ya kitambaa cha kufuma, zikashuka mguu wa meza, zikapanga laini na kuvuka sebule zikilia kidogo kama vifaranga. Watu waliokaa kwenye kochi waliinua miguu zipite. Ziliingia chini ya pazia la chumba cha Cucu, mama yake Simeon, na baada ya muda Cucu alikohoa, akaita, akaomba uji.

Cucu aliletwa kutoka Tetu na moyo uliochoka. Daktari alisema wampeleke nyumbani na wasimsumbue na dawa tena, maana ni suala la siku. Siku hizo zilikuwa zimepita Krismasi mbili. Kila jioni zilikuja roho, na kila roho ilimfikisha jioni iliyofuata. Haikuwekwa akiba. Alichopata leo alikimaliza leo.

Roho hizo ziliachwa na Wangechi, binti wa Monicah, aliyekuwa darasa la saba. Aliitwa Wangechi kama Cucu, vile desturi inataka: msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya baba. Kwa hivyo Simeon alimwita binti yake Maitu, yaani mama, naye Cucu alimwita mwenzangu. Roho zilifuata jina. Hilo lilijulikana tangu jioni moja ambapo Theuri, aliyezoea kucheza mpaka roho ya mwisho bila kubakisha, alishikwa na usingizi padi ya kuchezea ikiwa mkononi. Simeon akazima mashine. Roho mbili zikashuka mezani, lakini hazikugeuka kwa Cucu. Zilienda mlangoni, zikatoka nje. Muda mfupi baadaye mlango ukagongwa, na marehemu Theuri, babu yake kijana, akasimama hapo na gambuti zenye udongo wa Tetu. Aliuliza kama ng'ombe mwekundu amezaa. Simeon akamwambia amezaa ndama jike. Monicah akamkaribisha ndani, mzee akakataa kwa sababu ya matope, akanywa chai akiwa amesimama, akashukuru, akaenda zake. Kikombe kilioshwa pamoja na vingine.

Wangechi hakubakisha roho kwa kupenda. Alibakisha kwa sababu aliitwa. Akifika kwenye daraja la kamba anaitwa akalete makaa. Akifika kwenye theluji anaitwa akachambue mboga, au akapeleke soda kwa mgeni, au aangalie nani anabisha. Simeon alikuwa na sheria kwamba mtu akitoka kwenye mashine aizime, kwa sababu inashika moto. Kwa hivyo Wangechi aliinuka, akazima, na mchungaji wake akaanguka gizani na roho zote mfukoni. Hakuwahi kumwona yule mbuzi. Daftari zake za shule zilikuwa hivyohivyo, hesabu nne zimefanywa na ya tano imeanzwa. Hata sweta yake ya shule Monicah aliianza kila muhula, na kila muhula mteja alikuja na haraka kabla mkono wa pili haujafumwa, ikamaliziwa kwa kipimo cha mtoto mwingine. Hakuna aliyeona kuwa hilo ni jambo. Nyumba nyingi za Skuta zilikuwa na msichana wa namna hiyo.

Jioni moja kabla ya Pasaka stima ilipotea mji mzima, kutoka Skuta mpaka Ruring'u. Hakuna aliyekuwa amemwita Wangechi bado, na alikuwa ameokota roho nyingi kuliko siku yoyote. Tivii ilizimika, na kwenye giza lile roho zikaanza kushuka. Zilijaa kitambaani, zikajaa sakafuni, nyumba ikawa nyekundu kama ndani ya jiko la makaa. Zilipita chini ya pazia kwa muda mrefu. Simeon alivua kofia. Theuri alipiga magoti akazitazama zikipita karibu na vidole vyake.

Pazia likafunguka na Cucu akatoka akitembea. Alikuwa amejifunga leso ya kanisa. Alipita katikati yao, akafungua mlango, akasimama uani kwenye baridi. Wingu lililokuwa limefunika Mlima Kenya tangu mvua ya El Nino lilikuwa limeondoka. Mlima wote ulikuwa wazi, barafu yake ikiwaka rangi ya jioni, karibu kabisa, kana kwamba mtu angeweza kunyoosha mkono aguse. Majirani walitoka na mishumaa, wakasahau kuiwasha. Cucu aliutazama mlima vile mtu anatazama nyumba aliyozaliwa, kisha akaanua nguo kwenye kamba moja moja, kwa sababu umande ulikuwa unaanguka. Alikuwa ameota meno mawili ya mbele.

"Mwenzangu," alimwambia Wangechi, "ulikuwa umefika wapi?"

"Nilikuwa nimeona kilele, Cucu. Nilikuwa nimesikia kengele ya mbuzi."

Cucu alikunja shuka kwa muda, akalikunjua, akalikunja tena.

Kingori alifika Ijumaa Kuu na sanduku la mashine mpya, la rangi ya kijivu, limefungwa kwa kamba ya manila. Kingori alikuwa mtu wa mzaha. Alisema mashine ya zamani ikae na kuku, maana hii mpya inaonyesha mpaka nywele za pua. Akawaambia waijaribu, na kama hawaitaki ataondoka nayo Jumatatu, kuna mtu wa Thika anaililia. Aliunganisha waya, akaweka sidii, na mchungaji akatokea, yuleyule, lakini sasa mlima ulikuwa na ukungu unaotembea, na majani yanapepea, na mito inatoa sauti. Theuri alikaa karibu na kioo mpaka akaambiwa arudi nyuma. Monicah mwenyewe, aliyekuwa ameapa kutoitazama, alisimama mlangoni na mwiko mkononi, uji ukashika sufuria.

Kisha Kingori akaonyesha kadi. Ilikuwa ndogo kama kiberiti na iliingizwa mbele. Alisema hii ndiyo siri ya mashine mpya. Inakumbuka. Ukiacha kwenye daraja, kesho unaamkia kwenye daraja, na roho zako zote ziko.

Wangechi, aliyekuwa amesimama na trei ya vikombe, aliuliza, "Hata nikiitwa?"

"Hata ukiitwa, Maitu. Unafinya hapa, unaenda, unarudi, unaendelea."

Aliweka trei chini polepole. Alimwomba Kingori arudie kusema.

Usiku huo alicheza, akaitwa akapange vitanda vya wageni, akafinya pale alipoonyeshwa, akazima. Watu waliinua miguu kwa mazoea. Hakukupita kitu. Kwenye kadi kulikuwa na mwanga mwekundu mdogo, na mtu akiweka sikio alisikia kugonga, kama kifaranga ndani ya yai. Theuri alichukua kisu akajaribu kuipasua kando, kisu kikavunjika.

Asubuhi ya Jumamosi mikono ya Cucu ilikuwa baridi kama mawe ya mto Chania, na midomo yake rangi ya zambarau. Alipumua, akapumzika, akapumua. Monicah alichomoa waya za mashine mpya mwenyewe, akarudisha ile nyeusi, akamketisha Wangechi mbele yake. Alimwita akachukue chumvi, akamwita akarudishe chumvi, akamwita kuangalia kama mvua inanyesha. Mashine ilizimwa na kuwashwa mpaka ikanuka. Kufikia adhuhuri Cucu aliomba uji.

Uvumi wa Karatina ulikuwa wa kweli, basi. Monicah alishuka Majengo akamwambia Rukaya, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia. Rukaya alisikiliza akikanda unga. Alimuuliza kwani shida iko wapi, si amepata jibu, arudishe mashine Nairobi na mama mkwe aishi. Monicah akasema shida ni kwamba mtoto ameuliza swali. Akalirudia lile swali: hata nikiitwa?

Rukaya aliacha kukanda. "Mama Theuri, na wewe mwenyewe ulimaliza darasa la ngapi?"

"La sita. Niliitwa nyumbani mama alipojifungua."

"Mimi la nne," Rukaya alisema. "Sisi tumelisha watu. Chukua mahamri mawili upelekee wazee."

Jumamosi jioni Simeon na Kingori walikaa kwenye kochi wakaamua. Monicah alikuwa anaingia na kutoka na sahani, akasikia vipande. Simeon alikuwa mkubwa na neno la mwisho lilikuwa lake. Alisema hawezi kurudisha zawadi ya ndugu, na hawezi kumuua mama yake. Kwa hivyo mashine mpya ni ya Theuri, na ya zamani itabaki ya Wangechi. Kingori alisema huo ni uamuzi wa busara, kila mtu amepata. Theuri alifurahi. Wangechi aliambiwa akiwa anaosha vyombo. Alisema sawa Baba, na akaendelea kuosha sahani ambayo tayari ilikuwa safi.

Cucu alisikia yote kutoka chumbani. Jumapili ya Pasaka, watu walipotoka kanisani, aliomba aletwe sebuleni. Alikalishwa kwenye kochi na blanketi. Alisema maneno yafuatayo, na aliyasema kwa sauti ya kuomba chumvi.

"Nimekula jioni za huyu mtoto nikashiba. Leo atapanda mpaka juu. Mwenzangu, ukiitwa usiitike."

Simeon alifungua mdomo. Cucu akamwambia yeye ndiye alimfundisha kutumia huo mdomo, aufunge. Kila mtu alijua maana yake. Theuri alikuwa ameambiwa na wenzake kwamba ukimpata mbuzi, roho zote zilizobaki zinageuzwa pointi na kuandikwa kwa jina la aliyemaliza. Hazimwagiki. Na Cucu hakuwa na roho ya akiba.

Wangechi alianza chini ya mlima. Cucu alishika padi ya pili, ambayo haikuwa imeunganishwa, na akaiinamisha kulia wakati mtoto alienda kulia. Hakuna aliyebisha mlango. Wangechi alivuka daraja la kamba, akapita mawe, akaingia kwenye theluji, ile ya miraba myeupe. Alicheza akiwa amefunga mdomo, hatikisi hata bega. Alipovuka theluji, picha ya mashine ya zamani ikawa safi kuliko ya mashine mpya. Upepo wa baridi ulitoka kwenye tivii, ukatikisa kitambaa. Nyasi za mlimani zilinuka sebuleni. Kengele ya mbuzi ilisikika, mara mbali, mara karibu, na Kingori, mtu wa mzaha, alikuwa analia bila kujifuta. Kilele kilitokea. Kilikuwa Kirinyaga chenyewe, yaani Mlima Kenya, ncha zake zote mbili, na juu yake kitu cheupe kilisimama kikitafuna. Cucu aliweka mkono mgongoni mwa mtoto. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefika.

Monicah alikuwa jikoni, amesimama katikati na mikono mitupu. Kutoka hapo aliona kisogo cha binti yake, na mkono wa Cucu. Ni mkono huo uliompokea alipoletwa bibi arusi akiwa hajui kukamua. Ni Cucu aliyeuza mtamba akamnunulia mashine ya kufuma. Aliwaza watu wa kanisa watasema nini: kwamba mkaza mwana aliacha mama mkwe akafa kwa ajili ya gemu. Aliwaza asubuhi ya Jumamosi, ile midomo. Alijua pia kwamba huyu mtoto hajawahi kumaliza kitu. Yote aliyajua kwa pamoja, na mdomo ukafunguka.

"Wangechi! Maziwa yanamwagika!"

Wangechi alikuwa ameambiwa asiitike, na hakuitika. Lakini miguu yake iliinuka. Ilikuwa imeshazoea. Cucu alimshika nguo na haikushikika. Mtoto alinyoosha mkono, akazima mashine, kwa sababu ndiyo sheria, na akaja jikoni haraka.

Jikoni hakukuwa na maziwa. Jiko halikuwa limewashwa. Walitazamana. Monicah alimpa sufuria, naye akaipokea akaanza kuiosha.

Sebuleni roho zilishuka mguu wa meza zikapanga laini. Hazikuhitaji kwenda mbali, Cucu alikuwa hapo hapo. Zilipanda blanketi moja moja. Alizitazama bila shukrani, akazipokea, maana roho haina mlango wa kukataa. Baada ya muda alikohoa. Hakuomba uji. Uliletwa hata hivyo, na aliyeuleta ni Wangechi.

Jumatatu Kingori alirudi Nairobi bila sanduku. Mashine mpya iliwekwa kwenye tivii ya chumba cha Theuri, na baada ya miaka michache ikabadilishwa na mpya zaidi. Ile nyeusi ilibaki sebuleni. Cucu yuko hai. Ameota meno yote, na siku za jua anaenda mpaka Tetu kuangalia majani chai. Wangechi aliolewa Mweiga. Anakuja kila jioni akitoka kazini, anakaa, anapanda mlima mpaka asikie kengele, kisha mtu anamwita. Siku hizi hawangoji afike mbali. Majirani wakipita dirishani na kuona mwanga mwekundu ukivuka sakafu wanasema nyumba hiyo imebarikiwa, na ni kweli.

Wamama wenye watoto na mashine hizi, mambo ya kuepuka ni haya:

Usibadilishe mashine kabla hujauliza ile ya zamani ilikuwa inalisha nani.

Usiipasue kadi kwa kisu.

Usimpe kijana mashine inayokumbuka na msichana ile inayosahau.

Usimalizie sweta ya mtoto wako kwa kipimo cha mtoto mwingine.

Usimzoeze mtoto kuinuka kabla hajafikiri.

Usiseme maziwa yanamwagika kama hakuna maziwa.